Ngazi Mbili Tu

Kabla hujafunga mkoba, Nyangoma, piga simu.
Usiulize, "Mnapokea watu wa viti vya magurudumu?"
Watasema ndiyo, maana wana huruma,
na huruma haina vipimo.
Uliza mlango una upana gani.
Waambie watafute futi ya fundi, wapime,
wewe ukiwa bado hewani, salio likiliwa.

Mimi niliuliza tu: kuna ngazi?
"Hakuna, mama. Hakuna kabisa."
Nikafika Kasenda, nikazikuta mbili.
"Aa, hizo," akasema Rwakaikara, akikuna kisogo,
"hizo ni mbili tu."

Kwa mwenye magoti yanayokunjika, mbili si ngazi.
Kwangu mbili ni Rwenzori,
pamoja na theluji yake.

Basi beba ubao.
Wangu niliukatiwa na seremala wa soko la Mpanga,
mvule, futi nne, naufunga nyuma ya kiti.
Wakikuuliza ni wa nini
sema ni mlango wako, unatembea nao.
Beba viraka na pampu.
Toka Fort Portal asubuhi, mvua ikiwa bado inafikiri;
udongo wa huku ukilowa
hushika gurudumu kama mkopeshaji.
Na vijana wakija mbio kukubeba,
waambie kwanza wapi pa kushika.
Nguvu ni zao, mgongo ni wako.
Choo kikague kabla ya glasi ya kwanza.
Baada ya glasi ya tatu kila mlango ni mpana.

Shamba liko ukingoni mwa shimo la volkano,
chini yake ziwa, kijani kama chupa.
Ndizi hulala ardhini siku tano,
zimefunikwa majani, zinafukizwa moshi,
zikifukuliwa ni laini, zina harufu ya jikoni kwa mtu mwingine.
Kisha mtumbwi wa mti, nyasi, na miguu.
Miguu ya Kabasinguzi na binti zake,
juisi ikipanda hadi vifundoni,
povu, kicheko, nyuki.

Mgeni mmoja kutoka Kampala akanionea uchungu.
"Mwacheni naye akamue, hata kwa mikono!"
Kamera yake ilikuwa tayari.
Nikamwambia, bwana, nimelipia siku tatu za kukaa.
Kukaa ninakujua.
Niletee kikombe.

Kabasinguzi hakuniuliza miguu ilipatwa na nini.
Aliniuliza empaako yangu.
"Atwooki," nikasema. "Abwooli," akajibu,
na hayo yakatosha mpaka jua likashuka.
Alinimiminia mvinyo wa mwaka juzi,
ndizi na matunda ya pasheni,
mkali kidogo mwanzoni, kama shangazi,
halafu unakuzoea.
Sikufanya lolote. Nilitazama kivuli cha mgomba
kikitembea juu ya mapaja yangu
polepole, bila kuniuliza chochote.

Siku ya tatu niliamshwa na misumari.
Rwakaikara alikuwa amepasua mtumbwi wa tonto uliozeeka,
akaulaza juu ya zile mbili tu.
"Karibu, Atwooki! Pita!"
Nikapita. Nikafika nusu.
Nikarudi kinyumenyume, kwa kasi, bila breki,
hadi ndani ya maua ya mkewe.

Tulicheka mpaka mbwa akaondoka.
Kisha nikamfundisha, na wewe lishike hili:
futi moja kwenda juu,
futi kumi na mbili kwenda mbele.
Akahesabu kwa vidole, akatazama ua,
akatazama banda la mbuzi lililokuwa njiani.
"Mbuzi watahama," akasema.

Sijui kama walihama. Nilikuwa na gari la saa nane.
Nimebaki na chupa moja chini ya kitanda
na harufu ya ndizi kwenye matairi.

Ukimpigia, Nyangoma, muulize ngazi ni ngapi,
halafu nyamaza.
Nataka uniambie
alikaa kimya kwa muda gani kabla ya kujibu.