Sanduku la Inchi Kumi

Kisimba alitaka kuniuzia sabufa mbili za inchi kumi na tano.
"Ukipita nazo Kamalondo," alisema, "vioo vya watu vitakusalimia."
Nikamwambia sitaki kusalimiwa na vioo.
Nataka sauti ikae kwenye kiti cha kushoto,
kiti cha mzee,
iingie kwa mgongo, itokee kifuani,
maana mlango wa masikio ulifungwa zamani:
miaka thelathini na mmoja kwenye tanuru,
na shaba haikuacha hata ufunguo.

Basi tukachagua ndogo, za inchi kumi,
koni ya karatasi ngumu, ukingo wa mpira.
Kisimba akaifungua moja iliyoungua, anionyeshe koili:
uzi mwekundu, safu kwa safu, kama nywele zilizosukwa.
Shaba hiyo. Labda ya hapa hapa.
Iliondoka na treni ikiwa bamba zito,
imerudi imelipiwa ushuru, ikiwa uzi,
nami nainunua tena kwa dola themanini.
Kisimba alicheka. Mimi nilihesabu noti.

Sanduku alilikata kwa mbao ya milimita kumi na nane,
kila kona akaiziba kwa gundi na vumbi la msumeno.
Lenye tundu, au lisilo na tundu?
Tulibishana mpaka chai ikapoa.
Lenye tundu hunguruma sana kwa umeme kidogo;
lililozibwa husema neno lake, likanyamaza.
Nikachukua linalojua kunyamaza.

Jumamosi, uani Katuba, boneti wazi,
waya nene, fyuzi karibu na betri,
nikanyunyiza unga wa bukari juu ya koni.
Unga uliruka, ukacheza.
"Njo vile!" Kisimba akapiga makofi. "Iko muzuri!"
Lakini besi ilikuwa nyepesi,
mchuzi uliozidiwa maji.
Tukaongeza nguvu. Tukashusha kichujio mpaka themanini, mpaka sitini.
Koili zikaanza kunuka.

Mzee Monga alitoka ndani na kandambili za mama.
Akaweka kiganja kimoja kwa hii, kingine kwa ile,
akafumba macho.
"Hizi zinagombana,"
kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia.
"Huyu anasukuma, huyu anavuta.
Kompresa yetu ilifanya hivi, siku yule wa zamu ya usiku alipogeuza nyaya."

Kisimba alinitazama. Nikamtazama Kisimba.
Chanya kwenye hasi.
Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Tukageuza nyaya mbili tu,
na ua ukajaa kitu kizito, laini;
sahani zikajibu kabatini,
mbuzi wa jirani akaacha kutafuna.

Mzee aliingia garini, akafunga mlango.
Nikazungusha kitufe polepole, yeye akiongoza kwa kidole:
panda. Panda. Shuka kidogo.
"Hapo. Usiguse tena."

Wimbo ulikwisha, kidole bado kiko juu,
nikauanza upya.
Sijui anasikia nini.
Nyuma, kibao cha namba kinatetemeka ovyo;
kesho nitakikatia kipande cha mpira wa tairi.