Haijaachwa

Sleyum alileta simu kwa mkono wa mgeni,
ndani ya soksi mpya, pamoja na kopo la losheni.
Nyeusi, nzito, jina la kampuni mgongoni,
na ukiiwasha jina lilo hilo hujitokeza tena,
rangi ya waridi, linazunguka,
linanisalimia asubuhi hapa Wete
kana kwamba tunajuana.

Nikatia laini yangu.
Laini hii haikubaliki.
Nikaitoa, nikaipangusa kwa pindo la kanga, nikairudisha.
Haikubaliki.

Khatibu, fundi wa Chake,
aliigeuza mara mbili, hata bisibisi hakuishika.
"Dada Time, hii haijaachwa.
Ina mume kwao. Kampuni imemkopesha mtu,
ikaifunga, laini nyengine haipewi hata kiti.
Hiyo nembo unayoiona pambo
ni cheti cha ndoa."

Dukani wakacheka. Na mimi nikacheka,
mwaka wa sita huu,
sikuachwa wala sikuchukuliwa.

Deni likaja likalipwa huko,
namba ya talaka ikatumwa, tarakimu kumi na sita,
nikazinakili nyuma ya daftari la skuli la Wanu.
Simu ikafunguka.
Nembo ikabaki, kama chale.

Na mtandao?
Kijistari kimoja, kikazima.
"Kufunguliwa ni jambo moja," kasema Khatibu,
"kusikia ni jengine."
Akaandika masafa ya minara yetu kiganjani mwake,
na ya simu ile kwenye kiganja cha pili,
akavikutanisha: hakuna namba iliyolingana na mwenzake.
"Iweke chini ya mnara wa Limbani mpaka Idi,
haitasikia neno."

Nikaikumbuka sauti ya Sleyum ya siku hizi:
nikisema mvua imeingia jikoni,
yeye husikia pesa.

Nimenunua ya mtumba, kioo kina ufa pembeni.
Rangi sikuuliza.
Niliuliza, imefungwa? Inashika masafa gani?
Kisha nikatia laini yangu, nikampigia mama Konde,
nikamsikia anakohoa, anafukuza kuku,
ndipo nikafungua fundo la kanga.

Ile nyeusi anachezea Wanu, anapiga picha paka.
Leo kaiwasha, kaitazama waridi inavyozunguka.
"Mama, hawa nani?"
"Watu wa baba yako," nikamwambia.
"Zima, usimalize chaji."