Usiku wa Kumbadili Doreen Jina

Alikuwa akiitwa Doreen. Si mtu: hifadhidata,
majedwali mia nne na kumi na mawili
ya wapangaji wa Rochdale, kodi zao, mabomba yao yanayovuja,
funguo zilizopotea tangu mwaka wa tisini na sita.
Bwana Ollerenshaw, aliyemjenga,
alimpa jina la mkewe, kisha akastaafu,
akatuachia daftari lenye doa la chai
na onyo la wino mwekundu: huyu msimguse.

Sasa wakubwa wameketi wakaamua
Doreen si jina la kiofisi. Aitwe makazi_moja,
herufi ndogo zote, kistari cha chini katikati.
Meneja, kikombe mkononi, akauliza:
"Jina tu hilo. Si dakika moja?"

Jina tu!
Mimi niliyeshuka Manchester na majina matatu,
afisa akayapanga upya kama viti vya arusi,
la babu likatangulia,
langu, Siwatu, likapoteza irabu ya mwisho.
Mwaka wa kumi na moja huu
benki na zahanati bado hazijapatana mimi ni nani.

Jumapili, saa saba ya usiku.
Mvua inakuna dirisha. Imtiaz kaja na chipsi za siki,
anasoma kila amri kwa sauti kabla sijaibonyeza,
na juu ya skrini nimebandika karatasi yangu:

   Kwanza nakala rudufu,
   ijaribu, si kusifu,
   isirudi nusu mfu,
   ndipo uishike kazi.

   Tia kufuli mlango,
   na watoke kwa mpango,
   usiache hata pengo
   la kupita mpekuzi.

   Jenga chumba cha pembeni,
   jina jipya mlangoni,
   uhamishe kwa makini
   jedwali, kisha mzizi.

Jedwali halibebwi, hilo watu hawalijui.
Linabadilishiwa kibao tu;
mistari milioni tisini imelala, haigeuki hata ubavu.
Wabishi ni wale wadogo: vichochezi,
tulivifumua kimoja kimoja kama vifungo vya koti
ili tuje tuvishone upande wa pili;
na mionekano, yale madirisha yake,
ghafla yakawa yanatazama ukuta.
Ruhusa nazo hazikufuata. Tukaziandika upya,
nani asome, nani aandike, nani asikanyage.

Jedwali la mia tatu na saba likagoma.
Matengenezo.
"Kuna mtu ndani," akasema Imtiaz, chipsi imesimama hewani.
Tukatafuta. Saa saba na dakika arobaini,
printa ya ghorofa ya chini, ambayo hakuna daftari linaloitaja,
ilikuwa imemshika Doreen mkono
ikichapa barua za wapangaji wasio na simu.
Ningeweza kuikata. Amri ni ya neno moja.
Tukangoja.
Barua kumi na moja, polepole, kama mzee anayehesabu chenji.
Ilipomaliza ikamwachia yenyewe.

Alfajiri tukahesabu mistari kushoto, mistari kulia.
Ikalingana. Tukahesabu tena kwa sababu ililingana.

Jina la zamani sikulifuta.
Nimeacha pale kivuli chembamba, dirisha lisilo na nyumba,
linalomwelekeza anayebisha hodi: kahamia chumba cha pili, pita.
Na kila anayebisha ninamwandika.

Meneja anauliza, lini tutamzika kabisa?
Nimemjibu: siku rejesta ikikaa kimya mwezi mzima.

Haijakaa.
Jumapili iliyopita, saa saba na dakika arobaini,
kuna aliyeita Doreen mara kumi na moja
kutoka ghorofa ya chini.
Naye kila mara akaitika.