Fomu ya Nyakashozi

Wilaya wanataka wasifu wa mji kabla ya Ijumaa.
Kurasa mbili, kasema bwana wa mipango,
na usituandikie hadithi.

Basi. Nyakashozi, halmashauri ya mji mdogo.
Kata nne, vijiji kumi na tisa,
mashine za kukoboa tatu, moja mbovu.
Lami: hakuna.
Maana ya jina: mahali pa kilima kidogo.
Kilima: hakuna pia.
Waliokuja nalo walilitoa kwao Kigezi
wakalitua hapa, kwenye tambarare ya Bunyoro,
na migongo yao ikabaki imeinama
kama wanaopanda.

Walihama mwaka ule ndugu walipogawana shamba
hadi wakafikia kugawana mfereji.
Tindyebwa alishuka kwenye lori
na jembe, debe la mtama, mke mjamzito.
Wiki ya kwanza akachimba makingamaji
katika ardhi iliyolala kama mkeka.
Wenyeji walikuja kutazama. Walicheka kwa adabu.
Makingamaji yapo hadi leo,
hayajawahi kuzuia kitu,
na wajukuu wake huyazibua kila Januari.

Kabila, kwa asilimia.
Wakiga themanini na moja, Wanyoro kumi na mbili,
waliosalia Waalur, Wakonzo,
na fundi cherehani mmoja wa Busoga
anayedai mstari wake peke yake.

Shughuli kuu: kilimo.
Neno moja hilo, libebe alfajiri ya Nyinamatsiko,
mistari miwili ya maharagwe kabla jogoo hajarudia;
libebe mahindi yaliyoanikwa barabarani
ambayo pikipiki huyakwepa kwa heshima
na kuku hawayakwepi;
libebe na mnunuzi wa kutoka Hoima
mwenye mizani ambayo kila mtu anajua inaumwa
na kila mtu anaipandishia gunia.

Afya: kituo kimoja, muuguzi mmoja, engozi.
Fomu haina kisanduku cha engozi.
Ni machela ya kusukwa, kitu cha milimani,
kule ambako mgonjwa hushuka juu ya mabega ya jirani.
Hapa bodaboda inafika mlangoni,
lakini kila kijiji kina chama chake,
daftari lake, faini yake:
asiyekuja kubeba, shilingi elfu tano.

Mwaka juzi alifariki Byenkya Akiiki, Mnyoro,
yule aliyempa Tindyebwa ekari ya kwanza
kwa mbuzi mmoja na neno la mdomo.
Wanawe walikwisha kufungua kesi: ardhi irudi.
Siku ya maziko
walioshika engozi mbele walikuwa washtakiwa.
Nusu kilomita tu, njia iliyonyooka,
mahali ambapo toroli lingetosha,
wakapokezana mara sita
ili kila bega lipate.
Mmoja wa wale watoto, Abwooli,
aliingia zamu ya nne bila kuitwa.
Jumatatu wote walikuwa mahakamani,
kila upande benchi lake.
Kesi imeahirishwa tena.
Umiliki wa ardhi: naacha wazi.

Vivutio vya utalii.
Hapa nilikaa sana.
Niliandika bushera ya Kebirabo, nikaifuta.
Hawatakuja kutoka Kampala kwa kikombe cha mtama
hata kikiwa kimechachuka vile.

Mwisho, jina la mwandishi.
Mama aliniita Kebirungi.
Baba, Mnyoro, akanipa empaako, jina la heshima: Atwooki,
na mpaka sasa ukinisalimu bila hilo
naona umenipita njiani kama kisiki.
Nyumbani tuligombezwa kwa Rukiga,
tukabembelezwa kwa Runyoro.
Wakati wa kuhesabu asilimia
nilishika kalamu, nikajitafutia mstari,
chai ikapoa.
Nikajiacha.

Kwa hiyo jumla ya mji imepungua mtu mmoja.
Bwana wa mipango akiuliza
nitamwambia ni makosa ya kujumlisha.