Sumaku ya Friji

Gethin alinionya: usinunue mbuzi kwenye gunia.
Na kweli, nilipofika bandani kwa Trefor Pugh,
nyuma ya Dolgellau, mvua ikipiga kwa ubavu,
gari lilikuwa limefunikwa magunia ya sufu.

Akayavuta moja moja
kama mtu anayemenya kitunguu akichelea machozi.
Taa ya kwanza. Taa ya pili, imepasuka.
Kisha ile bampa nyeusi ya mpira
ambayo wajuzi wa magari haya huicheka,
husema imelikata gari pua ikalivisha buti la mvua.
Mimi nilimshukuru Mungu kwa bampa ile.
Magari yenye bampa za kromi
bei zake hazinitazami hata usoni.

Spoti ya milango miwili, ya mwaka sabini na sita,
rangi yake haradali iliyosahauliwa mezani.
Mwaka huo nilikuwa na miaka tisa,
na gari kama hili lilipita mbele ya shule yetu,
ndani yake mwanamke, kitambaa kichwani,
asiye na haraka ya kumpikia mtu yeyote.
Miaka thelathini na mmoja nimewapikia viazi
watoto wa shule ile ile.

Nikatoa sumaku mkobani:
kondoo mdogo wa plastiki, wa mlango wa friji yetu,
kazi yake kushika bili za gesi.
Nikampitisha ubavuni mwa gari, polepole,
kama daktari anayesikiliza kifua.
Mlangoni aling'ang'ania.
Juu ya gurudumu aling'ang'ania.
Chini ya mlango wa abiria akaanguka, ta! sakafuni.
Hapo hapakuwa na chuma.
Palikuwa na puti, rangi, na dua za fundi.
Trefor akaitazama mvua.
Nikamwokota kondoo, nikambandika tena,
akaanguka tena.
"Utanipunguzia pauni mia tatu," nikasema,
"kwa kila anguko."
"Basi, Mererid, usimbandike mara ya tatu,"
akasema, akanipa mkono.

Rahisi ghali. Najua, msinikumbushe.
Wiki ya kwanza pampu ya petroli ilizimia
mbele ya kanisa, harusi ikitoka;
bwana harusi alisukuma, bibi harusi akanishikia usukani.
Wepa zinafanya kazi kwa zamu.
Hita inajua mambo mawili: Januari na jehanamu.
Gethin aliapa haingii, magoti yake si ya kukunjwa.
Siku ya nne nikamkuta gerejini,
amekaa kwenye usukani gizani, injini imezimwa,
akipandisha gia, akishusha,
mdomo ukinguruma.

Lakini ile Jumapili!
Barabara ya mlimani, lami bado imelowa,
nimekaa chini kiasi kwamba kondoo wa kweli
walinitazama kwa kuinamisha vichwa.
Gia ya tatu. Kona inajifungua
kama kopo la samaki, kidogo, kidogo, halafu yote,
na sauti ile inapanda kutoka sakafuni
inapita kwenye uti wa mgongo bila kubisha hodi.
Tone la maji likanidondokea goti la kushoto,
likanidondokea hadi kileleni.
Lori la maziwa lilinipita. Pikipiki zilinipita.
Maili arobaini kwa saa,
na nilijiona kama mwizi ambaye hajakamatwa.

Kondoo wa plastiki sasa anaishi garini,
ndani, juu ya mlango, penye chuma cha haki.
Jana ikaja barua ya kampuni ya gesi, ya wino mwekundu.
Gethin akalivuta friji:
bili tatu chini yake, zimelala vumbini
zilikoanguka, moja baada ya nyingine,
bila mtu wa kuzishika.
"Tununue sumaku nyingine," akasema,
huku ameshavaa koti.

Duka liko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwetu.
Tulikwenda kwa kupitia Bala.