Orodha

Chumba namba tisa, ghorofa ya nne, Eastleigh:
magodoro manne, watu saba.
Wa zamu ya usiku hulalia joto la wa mchana.
Dirisha limezibwa kwa katoni ya maziwa ya unga,
kwa gundi, kwa misumari,
kwa hofu.

Gemechu anakohoa ndani ya shuka
kama mtu anayeficha redio.
Wiki ya tano. Shati ndilo linalomvaa.
"Vumbi la marobota," anasema.

Nikamwambia: makohozi yamejibu.
Ni kifua kikuu.
Miezi sita ya vidonge, bila malipo.
Mkojo utageuka rangi ya chungwa, usishtuke.
Nikafungua daftari:
nitajie unaovuta nao hewa moja.

Uso wake ukajifunga komeo.

Majina!
Mara ya mwisho majina kuandikwa katika jengo hili,
lori lilifika saa tisa usiku.
Nisimwelewe vipi?
Mimi mwenyewe niliingia mji huu
chini ya magunia ya vitunguu kutoka Uvira ya mbali,
na miaka miwili nikaitika jina la marehemu dada yangu.

Akanitajia Tolosa, aliyekwisha kwenda Juba.
Akanitajia Boru, aliyezikwa Moyale.
Akanitajia mtu aitwaye Rafiki.
Niliandika wote. Sikumbishia.

Ndipo nyuma ya pazia
mtoto wa Chaltu akakohoa.
Mara moja tu, kidogo,
mfano wa chafya ya paka.

Gemechu alilitazama pazia kwa muda mrefu.
"Andika Ibsa," akasema. "Ana miaka miwili."
Kisha: "Na mama yake."
Kisha, kama anayetoa miiba mguuni,
Abdisa wa duka la kahawa,
wale ndugu wawili wanaoshona mapazia,
Jatani huyo aliyelala.
"Umeandika sawasawa? Jatani, si Jattani."

"Na mimi," nikasema,
nikaandika jina langu, lile la kweli,
maana nimekaa humu saa nzima.

Alichukua kisu cha jikoni, akapasua gundi.
Katoni ikaanguka na vumbi lake la miaka.
Baridi ya Julai ikaingia
bila kuulizwa kitambulisho,
na Jatani, macho bado yamefumba,
akatutukana kwa Kioromo
akajifunika gubigubi.