Daka

Henrik huingia bila hodi.
"Hesabu za Machi ziko wapi?"
Salamu ameziacha Oslo.
Mbuyi wa Lubumbashi hununa, huzima kamera.
Thuy, kule Hanoi, husema ndiyo.
Ndiyo ya wiki ya tatu.
Nami ndiyo ile naijua:
ndiyo niliyompa mama mkwe
juu ya pazia la kijani.

Nimeandika kanuni. Nimetuma jedwali la saa,
saa tatu yangu, yao sijui ngapi.
Hakuna aliyekosa. Hakuna aliyekuwapo.

Alhamisi nikasahau kufunga kipaza sauti,
na punda wa Bwana Shee, chini ya dirisha, Langoni,
akalia mlio wake wote,
mlio wa mbeba saruji.
Thuy akacheka. Akacheka mpaka akafuta macho,
kisha, taratibu, kwa sauti nisiyoijua:
"Tarehe kumi haiwezekani.
Haikuwezekana tangu mwanzo."

Siku hizi nafungua robo saa kabla.
Sina ajenda. Naiita daka,
pale mgeni akaapo kabla ya kuitwa ndani.
Mbuyi huja na chai.
Henrik jana alitangulia, peke yake, kimya,
kisha akauliza:
punda hajambo?